Usikatishe Salamu

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilikemewa kabla sijapima hata mgonjwa mmoja, na yote kwa sababu nilitaka salamu iishe upesi.

Nilikuwa nimefika Musumba, huko Kapanga, jana yake, nimekaa juu ya lori la magunia ya mihogo mikavu, vumbi mpaka kwenye kope, diploma yangu nimeifunga ndani ya kitenge isikunjamane. Nilitoka chuo kikuu cha Lubumbashi na kichwa kilichojaa majina ya Kilatini. Mimi ni Muluba wa kaskazini ya Katanga, na kwetu adabu ipo, lakini Walunda wa Kapanga walituzidi. Kule mtu haingii mlangoni na kuanza kukueleza shida zake. Anapinda magoti, anakutanisha viganja alivyovibonyeza kidogo katikati, anapiga makofi ya pole pole yenye mlio mzito, mfululizo mrefu, ndipo anapokuuliza umeamkaje. Nawe unamjibu kwa makofi.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Médecin Chef, yaani daktari mkuu wa eneo lote la afya. Sisi tulimwita Chef tu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ndogo, na suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi hata msimu wa mvua, jambo ambalo mpaka leo sijui alilifanyaje. Asubuhi ile alinikalisha kando ya meza yake. Akaingia mzee mmoja, akapinda magoti, akaanza makofi. Nje kulikuwa na benchi zima la watu wanaokohoa. Nikaona tunachelewa. Nikaudaka mkono wa mzee katikati ya makofi ili nimfunge kipimo cha presha.

"Dokta," Chef akasema, "unakatisha examen."

"Uchunguzi gani, Chef? Mi naona ni bonjour tu, salamu."

"Ile bonjour njo examen. Achilia tata amalize."

Nikamwachia yule tata, yaani baba. Mzee akanitazama kwa huruma, akaanza upya tangu mwanzo, na Chef akamsikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza habari za radio. Makofi yalipokwisha, Chef naye akajibu yote bila kupunguza.

Moyoni nilisema, huyu bwana anapenda heshima kupita kiasi. Wauguzi nao walisema hivyohivyo. Ilipita wiki nzima kabla hajanieleza, tukiwa tunakula sombe la majani ya mihogo na samaki mkavu nyuma ya hospitali. Alisema hatuna mashine ya kupiga picha ya ubongo, na ya karibu iko mbali kuliko mafuta ya gari letu, lakini kila mgonjwa wa Kapanga anaingia na kutuonyesha ubongo wake bure, mlangoni, bila kuombwa. Mtu ambaye viganja vyake vinakosana, kimoja huku kingine kule, huenda ana kasoro katika ubongo mdogo, ule wa kisogoni unaopatanisha mienendo ya mwili. Ambaye mkono mmoja unafanya kazi na mwingine unangoja kupigwa, mtafutie kiharusi. Ambaye akipinda magoti anahema kama aliyekimbizwa na nyuki, msikilize moyo. "Na mutu mwenye anaanza makofi ya nguvu," akasema, "kisha inakuwa madogo, madogo, madogo, mpaka inakufa, na yeye mwenyewe hajue kama imekufa, ule umuulize kama anasikia bado harufu ya chakula. Umuangalie vile anatembea."

Huo ndio ugonjwa wa Parkinson. Ndani ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza dutu iitwayo dopamini, inayoufanya mwendo uwe mwepesi. Chembe hizo zikifa kidogo kidogo, mwendo unakuwa mzito, mikono hutetemeka ikiwa imepumzika, hatua zinafupika, na uso unakuwa mgumu, hauonyeshi furaha wala hasira. Vitabuni nilikuwa nimesoma haya yote na mtihani nilifaulu. Ila hakuna kitabu kilichoniambia kwamba ugonjwa huo una mlio.

Mwaka uleule nikausikia. Kulikuwa na mkulima mmoja, tata Chikomb, ambaye jamaa zake walikuwa wameacha kumwita kwenye mabaraza ya ukoo. Walisema anawadharau wakubwa: anaanza kumsalimia chifu vizuri, kisha anaiacha salamu njiani, na uso amekaza kama jiwe. Kule hilo si jambo dogo. Chef aliposikia, alichukua pikipiki ya zone, lile eneo letu la afya, akanipakia nyuma, tukaenda mpaka kwenye baraza lao. Akamwomba tata Chikomb asalimie. Makofi yakaanza, yakapungua, yakafa.

"Munasikia?" Chef akawaambia wazee. "Ile haiko kiburi. Ile ni ugonjwa. Roho yake iko inasalimia bado, ni mikono njo inabaki nyuma."

Dawa, levodopa, vidonge vinavyompa mtu ile dopamini iliyopungua, tuliipata kwa taabu kupitia watu wa misheni. Tata Chikomb akarudi barazani. Nami nikajua nimepata mwalimu, nikaacha kucheka suruali yake.

Kutoka Musumba nilihamishiwa Kisenge, kwenye mgodi wa madini ya manganese. Zahanati ile ilikuwa chini ya Médecin Directeur, daktari mkurugenzi, mmoja mnene, mcheshi, aliyekuwa kinyume kabisa cha Chef. Yeye alipenda mbio. Alikuwa akipita koridoni anapiga milango yetu kwa funguo za gari: "Dokta, mugonjwa mu-moja, bonjour mu-moja, ordonnance ya dawa mu-moja! Utajifungia naye mpaka mukuwe ndugu?" Nilijifunza kwake mambo mengi ambayo Chef hakuyajua, kama vile kumpasua mama mwenye uchungu uliokwama na kumtoa mtoto akilia kabla maji ya chai hayajapoa. Mikono yangu ilikuwa hodari, nalisema bila haya. Niliolewa hapohapo na Kasongo, mwalimu wa hisabati, ambaye kila mara hujisifu kwamba alinipenda kwa akili yangu. Mimi najua alinipendea mikono. Alikuja na kidole kilichopasuliwa na bati, nikamshona hata kovu halionekani.

Watu wengine huniuliza kama haya ninayoumwa leo, ambayo nitayafikia, niliyapata kutoka kwenye vumbi la Kisenge. Swali si la kijinga, maana manganese nyingi mwilini inaweza kumletea mtu dalili zinazofanana na hizi. Lakini mimi nilikuwa zahanati, si shimoni, na wataalamu walionipima hawakuona hivyo. Sijui, na hakuna ajuaye. Kwa hiyo sina wa kumlaumu, na nimeona kwamba jambo hilo linampunguzia mtu kazi.

Kolwezi ndipo nilipofanya kazi miaka mingi zaidi. Hospitali yetu ilipokea watu wa Musonoi, mtaa wa machimbo, usiku na mchana: vijana wachimbaji kutoka kila pembe ya Kongo walioporomokewa na udongo, wauza mikate, madereva wa pikipiki waliodhani lori la madini litawapisha. Niliingia chumba cha upasuaji nikiwa na tumbo la mwanangu Ilunga, na nikarudi humo yeye akiwa bado hajaota meno. Mkubwa wetu alikuwa Directrice, mkurugenzi, daktari mwanamke kama mimi, mdogo kwangu kwa umri, mkali kama pilipili ya Kilwa, na alipenda haki.

Siku moja asubuhi alikuja mama mmoja kutoka Kapanga, amebeba mjukuu mwenye homa. Akaniona, akapinda magoti, akaanza makofi. Nikafurahi sana, maana mjini watu wameizoea ile bonjour ya juujuu. Nikamsikiliza mpaka mwisho, kisha nikajibu. Nikasikia makofi yangu yanaanza vizuri. Halafu nikasikia yanapungua. Madogo, madogo, madogo. Nilijilazimisha, yakarudi, yakapungua tena. Na hapo nikakumbuka kwamba tangu msimu wa mvua uliopita nilikuwa nikimgombeza mpishi wetu kwa kuunguza maharage, si kwa kunusa, ila kwa kuona moshi.

Nilimtibu mtoto kwanza. Kisha nikaingia chumba cha mashuka, nikafunga mlango, nikalia. Sitawadanganya kwamba niliipokea habari ile kwa ushujaa. Nilililia kila kovu zuri ambalo sitalishona tena. Mtaalamu wa mishipa ya fahamu wa Lubumbashi alithibitisha yale yale, akiwa na mashine zake zote, na Chef angemcheka.

Niliporudi, Directrice aliniita ofisini, akanisikiliza hadi nikamaliza, kisha akavua miwani.

"Bon. Bloc ya kupasulia, hapana. Kisu hautaishika tena, mama, na mi sitakuomba radhi juu ya ile."

"Najua."

"Lakini docteur wa kutupa, mi siko naye. Consultation, kupima bagonjwa, ndiyo. Kufundisha ba stagiaires, bale badokta bachanga, ndiyo. Kutetemeka, utatetemekea mbele yetu. Na ile njo nini? Hapa kila mutu iko na kitu chake."

Na kweli nilitetemekea mbele yao. Nilijifunza kukiweka kifaa cha kusikilizia moyo kifuani kwa mgonjwa na kumwomba akishike mwenyewe. Mchimbaji mmoja wa Musonoi, kifua kama mlango, alikishika, akanitazama, akasema: "Mama Dokta, kati ya siye wawili, mugonjwa ni nani?" Nikamwambia, "Ni wawili, ila weye njo utapona." Tulicheka mpaka wakaja kuangalia. Mwandiko wangu nao ulizidi kuwa mdogo siku hadi siku, kwani ugonjwa huu haupunguzi makofi tu. Mtu wa famasia aliiinua karatasi yangu kwenye mwanga wa dirisha na kuuliza, "Mama Dokta, hii dawa ni ya batu ao ya mafunza?" Nikaanza kuandika kwa herufi kubwa tupu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mara nyingine miguu ilinigandia mlangoni, kama iliyopigwa misumari. Muuguzi wangu alikuwa anaimba pambio la kanisani kwao, nami nikapita kwa kufuata mapigo yake, maana mdundo huufungulia ubongo njia nyingine. Mimi ni Mkatoliki, lakini miguu yangu imekuwa ya Methodiste.

Kazini, basi, wote walijua. Nje ya hospitali, isipokuwa mume wangu na mwanangu niliowaomba wanyamaze, sikumwambia mtu. Mjini kwetu mkono ukitetemeka, kuna watakaouliza ni nani alikuloga, na wengine watauliza wewe ulimfanya nini huyo aliyekuloga. Sikuwa na hamu ya mazungumzo hayo.

Hapo ndipo Ilunga alipotuletea Chantal. Binti mwenye macho ya kucheka, mwalimu wa chekechea, na Mlunda wa Kapanga, wazazi wake wamehamia Kolwezi na bibi yao wamekuja naye. Bibi huyo, nkambo Kapemb, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho nyumbani kwao. Mwanangu alimpenda yule binti hata akaanza kupiga pasi suruali zake mwenyewe. Tukapangiwa siku ya kwenda kujitambulisha.

Kasongo aliniambia kabla: "Bambie mapema juu ya ile ugonjwa, Mama Ilunga. Bale ni batu ya makofi."

Nikamjibu kwamba mimi ni daktari, saa za dawa yangu nazijua. Levodopa humfungua mtu kwa muda fulani, kisha hufifia mpaka ameze tena. Nikameza yangu kwa hesabu nzuri kabisa, ili saa waliyotutajia inikute niko mwepesi kama msichana. Nilikuwa nimehesabu yote isipokuwa moja: tulikuwa tumealikwa Kolwezi, ambako sherehe haina saa. Mjomba wake Chantal alikuwa njiani. Viti vilikuwa vinakuja. Kisha mjomba akafika, viti bado. Kisha ikaanza mvua. Na kidonge cha pili hakikuwa kwenye mkoba wangu, kilikuwa mezani nyumbani, kando ya bilauri.

Tulipoitwa kusalimia, dawa ilikuwa imekwisha. Nikapinda magoti mbele ya nkambo Kapemb. Makofi yakaanza vizuri. Kisha yakapungua, yakafa, na uso wangu, ambao najua mwenyewe kwamba sasa unafanana na mlango wa benki siku ya Jumapili, haukuweza hata kutabasamu kuomba msamaha. Nkambo hakujibu salamu. Akainuka, akaingia ndani, na mjomba akatwambia kwa upole kwamba wazee wamechoka, watatuita siku nyingine.

Siku hiyo nyingine haikuja. Badala yake alikuja Chantal, peke yake, macho yamevimba. Akakaa kwenye ngazi zetu.

"Mama, nkambo anasema mu ile nyumba siwezi kuingia. Anasema mama ya Ilunga alisalimia sawa mutu anatupia kuku mahindi. Mi nilimwambia haiko vile, akaniuliza, sasa iko je? Njo nimekuja kukuuliza, mama."

Ilunga alisimama mlangoni, kichwa ameegemeza ukutani. Sijawahi kumwona mwanangu vile, hata alipokuwa na malaria ya kichwa. Nami nilikuwa nimeshikwa pande mbili. Nikinyamaza, mimi ni mama mwenye dharau, na harusi imekufa. Nikisema, mimi ni mama mwenye ugonjwa wa ubongo, na ni ukoo gani hautauliza kama damu hiyo inafaa kuzaa nayo? Nilikuwa nimewapa watu wengi habari mbaya maishani mwangu, nikiwa nimekaa upande mwema wa meza. Niliogopa, nasema wazi. Usiku ule nilimkumbuka Chef na pikipiki yake.

Asubuhi nilimeza dawa, nikavaa koti langu jeupe la kazi, Kasongo akanishika mkono, tukaenda. Nikamngoja nkambo Kapemb sebuleni kwao mpaka dawa ififie. Nilitaka anione nilivyo. Alipotoka, alikaa mbali.

"Nkambo," nikamwambia, "mi nilifanyaka kazi ku Musumba. Kule mukubwa wangu alinifundisha kusikia mikono ya batu. Leo ninakuomba usikie yangu, mpaka mwisho, kisha utanifukuza."

Nikapinda magoti, nikapiga. Makubwa, wastani, madogo, kimya. Nikamweleza kila kitu, jinsi Chef alivyowaeleza wale wazee: kwamba roho inasalimia bado, mikono ndiyo inayobaki nyuma. Kwamba hata uso wangu ukiwa umekauka, ndani nacheka, na siku ile ndani nilikuwa nalia. Mjomba na mama yake Chantal walikuwa wamesimama kwenye pazia.

Nkambo aliuliza lile swali moja kwa moja. Nilimheshimu kwa hilo.

"Ile ugonjwa inapitaka mu damu? Batoto ya Chantal batatetemeka?"

"Mara mingi hapana, nkambo. Mara kidogo, ndiyo, mu familia zingine. Kwetu sijaona mwingine. Lakini kukuapia, siwezi. Mi ni docteur, siko Mungu."

Kasongo alinibana kiganja. Kisha yule bibi akasogeza kiti chake mbele mpaka magoti yetu yakakaribiana.

"Anza tena," akasema.

Nikaanza tena. Alikuwa ameinamisha kichwa, na nilijua mkao ule. Makofi yangu yakapungua. Yalipokaribia kufa, nikasikia mengine, mazito, ya viganja vya mtu aliyelima maisha yake yote, yakiingia papo hapo yalipoachia yangu, bila pengo, yakaendelea na salamu yangu mpaka ikafika mwisho wake. Kisha akaanza ya kwake, ya kunijibu.

"Sasa nimesikia," akasema. "Weye uanze tu, mama. Kumaliza, siye tuko."

Nililia mbele ya wakwe zangu, nikiwa na koti jeupe. Uso haukuonyesha kitu, machozi yalitosha. Mjomba akatoka nyuma ya pazia na kuuliza kama tumekula.

Harusi ilifungwa msimu wa kiangazi uliofuata, na nikastaafu mwaka uleule. Siku ya kuniaga, Directrice alisema mbele ya wote kwamba kati ya madaktari wote aliowajua, mimi ndimi pekee ambaye mwandiko wake uliboreka kwa kuugua. Sasa ninakaa nyumbani, ninapanda mboga ambazo harufu yake siijui tena, na Kasongo huniimbia mapigo ya kunivusha milango, vibaya sana, kwa sababu hesabu hazijampa sauti. Dawa siimezi pamoja na maharage wala samaki, maana vyakula hivyo huichelewesha. Na nikialikwa mahali, hutembea na kidonge cha pili, na cha tatu cha mjomba.

Alhamisi hurudi hospitali kuketi na madaktari wachanga. Wana mashine nzuri, nami ninawaonea wivu kidogo. Lakini kila Alhamisi mmoja wao hudaka mkono wa mgonjwa katikati ya salamu, nami namwambia, "Achilia amalize." Najua wanasema koridoni kwamba yule mama mzee anapenda heshima kupita kiasi. Wakifika wiki ya pili nitawaeleza.

Na Jumapili tunakwenda kwa akina Chantal. Nkambo Kapemb hasikii vizuri siku hizi, ila hukaa kiti cha mbele. Napinda magoti kadiri yanavyokubali, naanza makofi. Hakuna tena anayeitazama mikono yangu. Chumba kizima, kuanzia mjomba mpaka mjukuu wetu anayejifunza kukaa, kimeinua viganja, kinangoja zamu yake.